Bahari ya Baba Yako

Kanoni, Karagwe
Alasiri, siku moja kabla ya safari

Keme wangu,

Usikohoe huko, nakusikia. Unapanga nguo chumba cha pili na mimi niko hapa mezani, ukuta mmoja tu katikati yetu, na nimekwambia usiniingilie kwa kuwa naandika ripoti ya kikundi cha akina mama. Hakuna ripoti yoyote. Nakuandikia wewe. Barua hii nitaichomeka kwenye mkoba wako wa mkononi, chini ya chapati, na ole wako uifungue kabla basi halijapita Biharamulo. Nakujua vizuri. Zawadi za Krismasi ulikuwa unaanza kuzichungulia tangu Novemba.

Mambo ya shuka, chandarua, sufuria na namba ya mchungaji wa kule tumeshayamaliza, na yaliyosalia nitakupigia simu mpaka uizime. Sitayarudia hapa. Hapa nina jambo langu. Kuna kosa nililomfanyia baba yako kuhusu Tanga. Kosa hilo lina umri mkubwa kuliko wako, na sasa wewe, kati ya watoto wangu wote, ndiye uliyepangiwa kazi Tanga. Nisipolisema leo utaligundua mwenyewe wiki ya kwanza tu, ukiwa umesimama ufukweni mchana kweupe. Utacheka, halafu utakumbuka mambo fulani ya nyumba hii, halafu utaacha kucheka. Bora ulisikie kwangu.

Lakini ngoja nifurahi kwanza, maana tangu orodha ya ajira itoke sijapata mtu wa kufurahi naye sawasawa. Mawe, mama yangu! Tanga! Mwanangu, mwalimu wa jiografia na historia, Tanga! Nilipoliona jina lako kwenye simu ya jirani niliruka na ungo mkononi, mchele wote chini. Kuku walifaidi siku ile. Na wewe ukaja na uso wa msiba kuniuliza, "Mama, si mbali sana?" Mbali nini, wewe! Mimi nimeifundisha Tanga tangu kabla hujazaliwa, na sijawahi kuikanyaga hata kwa kidole kimoja cha mguu. Unakwenda kuona kwa macho kile mama yako alichokiona kwenye kitabu chenye jalada lililoliwa na panya. Ningekuwa na umri wako ningelala na viatu miguuni.

Unaikumbuka ramani yangu ya ukutani, darasa la tano? Ile niliyoichora mwenyewe, nchi nzima, kutoka mlango hadi dirisha? Milima niliipaka udongo mwekundu wa hapa hapa. Maji yote niliyapaka bluu ya kufulia. Nyinyi mlikuwa mnagombania kushika fimbo ya kuonyeshea, na wewe kila siku ulitaka kuonyesha Kagera yetu tu, ule mto unavyozunguka Kyerwa na Karagwe na kutugawa na Rwanda kule, Uganda huku. Mimi nilikuwa nakuvuta mkono, nakupeleka upande wa pili kabisa wa ukuta, karibu na dirisha. Tanga ilikuwa dirishani. Jua la asubuhi lilikuwa linaipiga Tanga kwanza.

Hebu niiseme mara ya mwisho, nikiwa bado najua kuliko wewe. Kesho kutwa utakuwa umenipita. Kaskazini, Kenya na Kilimanjaro. Magharibi, Manyara. Kusini, Morogoro na Pwani. Mashariki hakuna mtu, bahari tu. Nyuma ya Korogwe na Muheza inapanda Milima ya Usambara, na kule juu Lushoto kuna baridi ya kuvaa sweta kama yetu ya Juni, watu wanalima kabichi na viazi kwenye miteremko. Ukishuka, joto. Minazi, machungwa, mkonge umepangwa mistari mpaka macho yanachoka. Mto Pangani unatoka na maji ya Kilimanjaro na Meru, unapita Korogwe taratibu, unakwenda kumwagikia baharini pale mji wa Pangani. Na jiji lenyewe limekaa kando ya ghuba, na kisiwa kidogo kimeachwa katikati ya maji. Ngamiani, mtaa wa zamani, barabara zake zinaitwa kwa namba, ya kwanza, ya pili, ya tatu, unahesabu mpaka unafika unakokwenda. Na baiskeli! Nasikia hata mabibi wenye heshima zao wanapanda baiskeli. Mimi nitawaona wapi?

Na historia yake, Keme! Reli ya kwanza ya nchi hii ilianzia Tanga. Wajerumani waliianzisha pale bandarini ikapanda polepole hadi Korogwe, miaka ikapita ndipo ikafika Moshi, wakaijaza mkonge. Halafu ile vita ya kwanza ya dunia: Waingereza wanashuka Tanga na askari waliowaleta kutoka India, Wajerumani na askari wao wanawangoja mjini, risasi zinalia, na nyuki wanatoka mizingani na kuingia vitani bila kuitwa na mtu! Somo hilo nililifundisha kila mwaka na kila mwaka darasa zima lilikuwa linavuma kama nyuki mpaka mwalimu mkuu anakuja kuchungulia. Utakwenda kulifundisha mahali penyewe. Watoto wako watakuonyesha kwa kidole, "Madam, ni hapo."

Tena usiende kama mgeni kabisa. Watu wa pwani walikuja kwetu kabla wewe hujawaendea. Misafara yao ilipanda kutoka baharini, ikapita Tabora, ikafika hapa Karagwe, wakajenga kituo chao Kafuro, karibu na mji wa wafalme wetu. Walileta vitambaa na shanga wakaondoka na pembe za ndovu na, tusifichane, na watu pia. Lifundishe lote, tamu na chungu, usiruke. Walitembea miezi kwa miezi. Wewe utatumia siku mbili ukiwa umekaa. Na sasa kuna bomba la mafuta kutoka Uganda, linaingia mkoani kwetu Missenyi, linashuka Muleba na Biharamulo, linakwenda moja kwa moja mpaka Chongoleani, hapo hapo Tanga. Siku niliyosikia habari hiyo redioni nilimwambia baba yako, "Unaona? Kagera na Tanga zimefungwa kwa bomba!" Akaniangalia, akasema, "Muulize mwalimu," akaenda zake kukata majani ya ng'ombe.

Sasa hapo ndipo ninapotaka tufike.

Wewe umekua na hayo maneno. Muulize mwalimu. Mlipokuwa wadogo mlidhani ni mzaha wa baba. Likitajwa jambo lolote la pwani, samaki wa bahari, nazi, meli, mkigeuka kumuuliza chochote, yeye anasema, "Muulize mwalimu," na mwalimu ni mimi. Dada yako Adela alikuwa anamwigiza mpaka tunashika mbavu. Mimi nacheka pamoja nanyi, na moyoni nimenywea. Hamkujua kwamba baba yenu alikaa Tanga miaka miwili. Naam. Soma tena hiyo sentensi, haijakosewa.

Mjomba wake alikuwa amelowea huko tangu enzi za manamba, wale waliochukuliwa kwa mkataba kwenda kukata mkonge. Baba yako alipokuwa kijana, kabla hajaniona mimi, mjomba alimwita. Akapanda meli Bukoba mpaka Mwanza, akapanda treni. Akakata mkonge, miba ikamchoma, ile alama ya mkono wa kushoto ambayo tuliwaambia ni panga, ni mkonge. Akarudi. Akanioa. Na mwaka wetu wa kwanza wa ndoa, mimi nikamnyang'anya Tanga yake mbele za watu.

Ilikuwa hivi. Walimu wenzangu wa Kituntu, nilikoanzia kazi, walikuja kututembelea, kuona nyumba ya mwenzao. Nilikuwa na majivuno, mwanangu, acha tu. Mimi nilimaliza darasa la saba, nikajifunza ualimu huku nikifundisha, kitabu mkono mmoja na chaki mkono mwingine, na mtu aliyesoma hivyo huwa anaogopa sana kuonekana hajui. Mume wangu alikuwa mkulima wa ndizi na kahawa. Nilitaka wenzangu wamwone ni mtu wa maana. Yeye alifanya kila kitu kwa adabu. Akawakaribisha, akaleta akaibo, kile kikapu chetu kidogo chenye kahawa ya kutafuna, akazunguka nacho, kila mgeni akachukua punje zake. Unavyojua kahawa ile, ukishaanza kutafuna, mazungumzo nayo yanafunguka. Mmoja akamuuliza, "Shemeji, nasikia ulifika pwani. Bahari ikoje?"

Uso wake ukawaka. Akaweka akaibo chini ili apate mikono yote miwili. Akasema, "Bahari inaondoka."

Wakasema, "Inaondoka vipi?"

"Inaondoka! Asubuhi imejaa mpaka kwenye mizizi ya miti. Mchana unarudi, haipo. Imekwenda kule mbali. Pale palipokuwa na maji unatembea kwa miguu, wanawake wanaokota pweza kwenye mawe, mitumbwi imelala mchangani kwa ubavu. Halafu jioni inarudi, yote, kama vile haikwenda popote."

Keme, mimi nilikuwa nimewahi kusimama ufukweni Bukoba. Nililiona Ziwa Victoria, halina ng'ambo, mawimbi yanapiga, maji yapo asubuhi, yapo mchana, yapo jioni, yapo pale pale. Na kichwani mwangu bahari ilikuwa ziwa letu lililotiwa chumvi. Ndiyo maana zote mbili nilizipaka bluu ile ile ya kufulia. Nikaona mume wangu anatudanganya, tena uongo wa kitoto, mbele ya walimu. Nikaona haya. Nikasimama na birika la chai mkononi, nikasema kwa sauti yangu ya darasani:

"Jamani msimsikilize. Huyu hajaona bahari. Ameona bwawa la ng'ombe lililokauka kiangazi."

Walicheka! Mmoja alipaliwa na kahawa mpaka akapigwa mgongoni. Na mimi nikanogewa, nikaongeza. Nikawaeleza bahari ni nini, chumvi yake, kina chake, mikondo yake, kama nasomea ubaoni. Baba yako alicheka kidogo naye, kwa heshima ya wageni. Akainama, akaokota akaibo chake, akazunguka tena, mmoja mmoja, "Karibu kahawa, karibu kahawa." Mtu mwingine alipomuuliza kuhusu treni, akasema, "Muulize mwalimu."

Tangu siku ile hakuniambia tena hata neno moja la Tanga. Wala hakununa. Angenuna tungegombana, tungemaliza. Alinilimia, alinijengea, alinisindikiza shuleni kwenye tope na mwavuli, akawalea nyinyi watatu kuliko baba yeyote wa hapa Kanoni. Ila mlango ule mmoja aliufunga, na mimi nikajizoeza kupita nje yake.

Ungeweza kuniambia, mama, hukujua. Ni kweli sikujua. Kosa la kutojua nilishalisamehe, hata wewe utalifanya, na utalifanya mbele ya wanafunzi arobaini. Linaloniuma ni lile la pili, na hilo wewe ulikuwepo.

Ulikuwa darasa la tano, dawati la mbele. Vilikuja vitabu vipya. Nikavifungua ofisini kuandaa somo, na ukurasa mmoja ukanipiga kofi. Maji kupwa na maji kujaa. Mwezi unavuta bahari, bahari inaondoka, bahari inarudi. Palikuwa na picha mbili za ufukwe mmoja: kwenye moja maji yamejaa, kwenye nyingine mitumbwi imelala mchangani kwa ubavu. Kwa ubavu, Keme, kama alivyosema. Niliketi pale ofisini nikasikia masikio yanawaka moto. Kengele ikalia. Nikaingia darasani nikalifundisha vizuri kabisa, bila kutikisika, kama mtu aliyelijua tangu tumboni mwa mama yake.

Jioni ile tukiwa mezani, ndizi na maharage, wewe ukasema kwa furaha yako, mdomo umejaa, "Baba, baba! Leo mama katufundisha bahari inaondoka halafu inarudi! Unatembea kwa miguu pale yalipokuwa maji!"

Unakumbuka? Mimi naiona mpaka kesho. Kijiko changu kilisimama. Baba yako akakutazama wewe, kisha akanitazama mimi. Alinipa muda. Nakwambia alinipa muda, hakuharakisha. Nilichotakiwa kusema kilikuwa maneno mawili matatu tu. Na mimi, mwalimu wa watoto wa watu, nikasema, "Keme, usiongee na chakula mdomoni."

Akasema, "Kumbe," akaendelea kula.

Basi. Nimekaa na hilo kumbe miaka yote hii. Nimestaafu nalo. Kila mara nasema kesho, nikifika kesho naona jambo lenyewe limekuwa dogo mno kulifufua, halafu likitajwa samaki tu nasikia, muulize mwalimu, naona si dogo hata kidogo. Nilidhani nalinda heshima yangu. Heshima gani? Nilimfunga mtu mdomo nyumbani kwake mwenyewe, na nikakosa hadithi za miaka miwili ambazo ningezila bure kila siku ya mvua.

Sitakupa mahubiri juu ya hili, mchungaji analipwa kwa kazi hiyo. Nakuomba jambo moja tu, kama mwalimu kwa mwalimu. Utasimama mbele ya watoto wa pwani na shahada yako. Watakwambia vitu. Vingine ni porojo, watoto ni watoto. Lakini kabla hujamwambia mmoja wao kaa chini, muulize swali jingine. Ilikuwaje? Ulikuwa wapi? Nani alikuwepo? Na wao pia watakucheka, jiandae. Waambie tu kwamba kwenu mvua za Novemba zikija mnakesha taa zinawaka kukamata senene na kuwakaanga, uone macho yao. Waambie kuna ng'ombe wenye pembe ndefu kiasi kwamba akipita mlangoni anainamisha kichwa upande. Watasema Madam anatupiga kamba. Hapo utajua baba yako alivyojisikia, ila wewe hakuna atakayekuharibia, maana mimi mwenyewe nitakutumia picha.

Niko hapa, nageuza karatasi nikuchoree ramani ya jiji nyuma yake, ili uwe nayo hata simu ikizima. Nimechora ghuba. Nimechora kisiwa, bandari, reli, Ngamiani. Na sasa hivi

Nimerudi. Usishangae mwandiko. Nakuandikia upesi nisisahau neno hata moja.

Baba yako aliingia. Alikuwa amebeba akaibo, amekijaza kahawa ya kutafuna ya kukufungia. Akaniona na kalamu.

"Ripoti haiishi?"

"Namwandikia Keme. Kuhusu Tanga."

"Vizuri," akasema. "Mwalimu ndiye anayejua." Akataka kupita.

Nikasema, "Baba Adela, kaa."

"Nina vumbi."

"Kaa na vumbi lako."

Akakaa. Nilikuwa nimejiandalia maneno mazuri ya miaka na miaka, yote yakakimbia. Nikasema tu, "Siku ile walipokuja walimu wa Kituntu nilikucheka, na wewe ulikuwa unasema kweli. Na nimejua kwamba ulisema kweli tangu Keme yuko darasa la tano. Nisamehe, waitu, nakusihi."

Alikuwa anachambua kahawa, anatoa vijiti. Hakuinua kichwa. "Najua kwamba ulijua," akasema. "Nilikuwa nangoja."

"Ulikuwa unangoja nini? Niombe radhi?"

"Uniulize."

"Nikuulize nini?"

"Chochote! Mtu akitoka safari ya mbali, si anaulizwa?" Na hapo sauti ikamkatika kidogo, mwanangu. Mzee mzima. "Wewe hukuwahi kuniuliza."

Mimi nililia, sikufichi, nikalia mpaka karatasi ya kwanza imepata doa, utaliona. Kisha nikafuta uso kwa kanga nikauliza lile swali nililopaswa kuuliza nikiwa msichana na birika mkononi. Nikasema, "Maji yalikuwa yanakwenda wapi?"

Keme! Alicheka! Si kile kicheko chake cha kanisani, alicheka na mabega. Akaivuta ramani yangu, akaiangalia, akasema, "Kwanza hii umekosea. Ina ufukwe mmoja." Akanipokonya kalamu. Akachora mstari wa kwanza, akasema, hapa ndipo bahari inapolala ikijaa. Akachora wa pili, mbali huko, karibu kabisa na ukingo wa karatasi, akasema, na hapa ndipo inapokwenda. Katikati ya ile mistari miwili akatia alama mbili ndogo. Nikamuuliza ni nini. Akasema, "Mimi na Bakari."

Bakari ni nani? Sikuwahi kulisikia jina hilo ndani ya nyumba hii. Ni Mdigo, walikuwa wanakata mkonge pamoja, rika moja. Jumapili moja alimpeleka baharini, maji yametoka, wakatembea mpaka katikati. Baba yako alikuwa na kahawa ya nyumbani mfukoni, ile mama yake aliyomfungia. Akabandua tunda moja, punje mbili ndani ya ganda moja, akampa Bakari moja akala yeye moja, kama wazee wetu walivyokuwa wakifanya undugu, bila ule mchanjo wa damu maana mmoja Mkristo na mwingine Mwislamu. Bakari akasema chungu hii, lakini akameza. Kisha maji yakaanza kurudi, wakakimbia na viatu mkononi. Walikuwa wakiandikiana. Baba yako aliacha kumwandikia mwaka ule ule wa wale wageni.

Kisha akaniambia la mwisho, na hili nimeshindwa kulimeza mpaka sasa. Siku ile, mbele ya walimu wangu, alikuwa hajamaliza kusema. Yale ya bahari kuondoka yalikuwa utangulizi. Alikuwa amepanga na Bakari. Alitaka kuwatangazia wenzangu kwamba Desemba, shule zikifungwa, anampeleka mke wake kuiona.

Niliivuta ramani, Keme, nikaweka kidole juu ya zile alama mbili.

Halafu nikasema, "Desemba ya mwaka huu shule zinafungwa lini?" Akasema, "Muulize mwalimu." Akajisikia mwenyewe alivyosema, tukaangua kicheko wote wawili mpaka wewe ukapiga kelele huko chumbani kuuliza kuna nini, nikakujibu ripoti imenoga.

Kwa hiyo sikiliza. Tunakuja. Wote wawili. Anataka tupite alikopita yeye, meli na treni kama zipo, zisipokuwepo tutapanda basi hilo hilo lako. Tafuta mahali pa kutulaza, hata chini kwenye mkeka. Kile akaibo utakachokikuta kwenye begi usikimalize na walimu wenzako. Uliza taratibu, msikitini, sokoni, kwa wazee wa mkonge, kama kuna mzee Bakari aliyewahi kula kahawa ya Karagwe. Awepo au asiwepo, tutasimama pale penye zile alama mbili. Ramani nimeikunja humu ndani. Mwandiko wa ufukwe wa pili si wangu.

Nafunga sasa, maana ameniita mara mbili. Amevuta kiti kando yangu na anasimulia tangu mwanzo, na hajashuka hata melini Mwanza.

Nenda, mwanangu, nenda ukaipende Tanga. Niandikie kila kitu: shule, watoto, nyuki, baiskeli, machungwa. Ila utakapofika ufukweni mchana ukakuta bahari haipo, funga mdomo. Usinipigie picha. Usinisimulie. Nimengoja miaka mingi, na hiyo nataka nionyeshwe na baba yako.

Mama yako,
anayeuliza